Majibu ya Fundi Vioo

Mwanamke huyu alikuwa mpiga chapa, tena mzuri, na nalisema hilo mapema kwa sababu wengi hudhani kazi hiyo ni vidole tu. Alianzia mahakamani. Kwa miaka kumi na sita alikaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha hakimu, akiandika yote yaliyosemwa na mashahidi, wa kweli na wa uongo, waliolia na waliojikanyaga. Hakimu wake wa kwanza alikuwa mzee mkali asiyependa kurudia neno, na siku ya kwanza alimwambia, "Wewe andika alivyosema, si alivyotaka kusema. Alichotaka kusema ni kazi yangu mimi." Maneno hayo yakamkaa. Shahidi akikohoa, aliandika kwamba amekohoa. Akinyamaza, aliandika kwamba amenyamaza.

Mahakama ilipoleta mitambo ya kurekodi, wapiga chapa walipunguzwa, naye akawa miongoni mwao. Akapata kazi katika duka la fotokopi lililotazamana na lango la chuo kikuu. Kilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili za fotokopi zilizotoa joto kama jiko, mashine ya kutoboa karatasi na kuzifunga kwa waya, na kaunta iliyochubuka rangi pale wateja walipozoea kuegemea. Nyuma kabisa, kwenye pembe ambayo upepo wa feni haukuifikia, ndipo ilipokuwa meza yake.

Wanafunzi walimletea kazi za kila namna, lakini zilizompatia jina zilikuwa za sauti. Mtafiti huenda kwa watu, akawahoji na kuwarekodi. Akirudi, mazungumzo yote lazima yageuzwe maandishi, neno kwa neno, ndipo aweze kuyachambua. Saa moja ya mazungumzo inaweza kula siku nzima ya kuandika, na wanafunzi wengi huishia njiani. Yeye alivaa hedifoni, akaweka mguu juu ya kanyagio la kusimamisha na kurudisha sauti, na ungemwona kwa mbali ungedhani anashona cherehani. Mwenye duka akambandika jina la Masikio. "Sikio halilali na njaa," alipenda kuwaambia wateja, "lakini la huyu linakula mara tatu kwa siku na kushushia chai."

Jina likamfuata hadi nyumbani. Mama mkwe wake, aliyeishi nao tangu afiwe na mumewe, hakulikubali kabisa. "Masikio gani hayo? Watu wa kwenye waya anawasikia. Mimi nikimwita kutoka chumbani nakauka koo." Mume wa Masikio, fundi umeme, alikuwa na busara ya kutazama dari wakati huo kana kwamba anachunguza nyaya.

Asubuhi moja akaingia dukani kijana mwenye begi mgongoni na mwendo wa mtu aliyechelewa. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, na sasa alikuwa masomoni kwa shahada ya uzamili katika sayansi ya utengamao, elimu inayochunguza jinsi mtu aliyeugua au kuumia anavyoweza kuyarudia maisha yake, na vitu gani katika nyumba, barabara na watu wenzake vinavyomzuia. Utafiti wake ulihusu watu waliopata kiharusi. Wakishatoka hospitali wanaishije? Alikuwa amewahoji ishirini na wanne, kila mmoja nyumbani kwake.

"Dada, nina wiki tatu tu," alisema. "Profesa wangu anataka sura ya matokeo."

"Wote mnaanza hivyohivyo, mdogo wangu. Weka hapo. Nisaini wapi?"

Alikuwa anajua taratibu. Kila kazi ya namna hiyo ilikuja na karatasi ya kuahidi kwamba aliyoyasikia hatayatoa nje. Alipomaliza kusaini, kijana akamwonyesha rekodi saba alizoziwekea alama nyekundu.

"Hizi usihangaike nazo sana. Hawa kiharusi kimewachukua na maneno. Andika maswali yangu, halafu kwenye majibu weka 'hakuweza kujibu.' Kwenye uchambuzi sitawatumia."

Masikio hakubisha. Akaanza na zile kumi na saba zenye maneno, na siku ya tisa akafika kwenye rekodi ya kwanza yenye alama nyekundu. Ukurasa wa mbele wa hojaji ulisema huyu ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, anaishi na dada yake, na kazi yake kabla ya kuugua ilikuwa fundi vioo.

Akakanyaga kanyagio, akaandika kama alivyozoea, pamoja na vimya vyote.

"Unapovaa nguo, nini kinakupa shida zaidi?" aliuliza kijana. Kukawa kimya. Kiti kikalia, kikombe kikagusa meza. "Si neno, mzee wangu, tuendelee. Nani anakusaidia kuoga?"

Kimya tena, kisha sauti nzito, kama mtu anayesukuma kabati: "Vi... vifungo."

"Sawa. Kwa wiki unatoka nje mara ngapi?"

"Mwe... mwenyewe."

"Vizuri, unatoka mwenyewe. Ukiwa nje, unajisikiaje?"

"Moja. Ki... kinyozi."

Masikio alicheka kidogo hapo, na aliandika bila kusimama.

"Kama ungeweza kurudia kazi moja, ingekuwa ipi?"

"Haya."

"Haya, tumeelewana. La mwisho basi. Una swali lolote kwetu?"

"Kioo."

Hapo sauti ya mwanamke ikaingia, karibu na kinasa sauti. "Anataka kioo huyo. Subiri kaka, nakuletea." Nyayo zikaenda, zikarudi. "Haya, jitazame. Umependeza, usiwe na wasiwasi." Mwanamume akaguna, na kitu kikawekwa mezani kwa kishindo. Kijana akashukuru, rekodi ikakatika.

Desturi ya Masikio tangu mahakamani ilikuwa kusoma tena kwa sauti ndogo kila alichoandika kabla ya kukifunga. Baada ya chakula cha mchana akachapisha kurasa na kuzisoma, na jambo la kwanza kumkera lilikuwa vile vifungo. Mtu haogi na vifungo. Akatazama swali lililotangulia, linalohusu kuvaa nguo. Akachukua penseli, akachora mshale mdogo kutoka jibu la vifungo kupanda juu.

Akashuka kwenye jibu lililofuata. Mwenyewe. Nani anakusaidia kuoga? Mwenyewe. Mshale wa pili. Unatoka nje mara ngapi? Moja, kwenda kwa kinyozi. Alipofika kwenye "haya" mkono ukasimama. Yeye mwenyewe alikuwa ameliandika kama neno la kuitikia, lile tunalolisema kila dakika. Sasa lilikuwa chini ya swali jingine. Ukiwa nje, unajisikiaje? Naona haya.

Na kioo kilikuwa kazi. Kazi ambayo mtu yule angeirudia kama angeweza, naye akaletewa cha kujitazama uso.

Akarudisha rekodi mwanzo, safari hii akiwa na saa mkononi. Fundi vioo alihitaji sekunde kumi na tisa kulipata neno, mara nyingine ishirini na mbili, na mara moja kumi na saba. Kijana alimngoja sita, tano, nne, kisha akatupa swali lingine. Yule mtu alijibu kila alichoulizwa. Majibu yake yalikuta mlango umeshafungwa, yakaingia nyumba ya jirani.

Masikio akavua hedifoni, akaenda kusimama mlangoni. Wanafunzi walikuwa wanavuka barabara makundi kwa makundi. Mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. "Hapana," alisema, "kuna mtu nimemcheka."

Alimpigia kijana simu, na jioni hiyohiyo akaja. Alimsikiliza akieleza, akatikisa kichwa. "Dada, kwa heshima zote, mimi nilikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu. Hakuelewa."

"Wewe ulikuwa unatazama karatasi yako ya maswali. Kaa hapa. Shika hii."

Akamvalisha hedifoni na kumwekea mbele ukurasa wenye mishale. Kijana alisikiliza huku amekunja uso. Kwenye vifungo akainua nyusi. Kwenye kinyozi akaacha kutikisa mguu. Rekodi ilipokwisha hakuvua hedifoni, alibaki amezivaa kama mtu aliyejificha ndani yake.

"Tena kwenye daftari langu niliandika kwamba anatoka nje peke yake," alisema mwishowe. "Nilifurahi hata kumsifu." Kisha akashusha sauti. "Dada, ukiiandika hivi nimekwisha. Nitatakiwa kurudia zote. Hizi rekodi hakuna anayezisikiliza. Weka tu 'hakuweza kujibu,' kama tulivyokubaliana."

"Mimi nitaandika alivyosema, na muda aliotumia kusema. Mishale ni ya penseli. Ukitaka, ufutio huu hapa."

Kijana akakusanya karatasi zake, akatoka bila kuaga.

Siku mbili zikapita kimya. Masikio alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Yeye ni nani, mpiga chapa wa pembeni mwa feni, wa kumfundisha kazi mtaalamu wa hospitali? Siku ya pili, wakati wa kupika, mama mkwe wake aliketi kwenye kiti cha jikoni na kuanza kusimulia habari za jirani aliyepanda ngazi kuziba bati. Bibi alikuwa na kawaida ya kupita njia ndefu. Alieleza ngazi ilikuwa ya nani, iliazimwa lini, na kwa nini mwenyewe hapendi kuiazima. Masikio, macho kwenye sufuria, akamalizia, "Akaanguka."

"Hakuanguka," alisema bibi.

"Kumbe ikawaje?"

"Malizia wewe. Si unajua?"

Na hakusema tena, licha ya kubembelezwa. Mpaka leo hakuna aliyejua nini kilimpata yule jirani juu ya bati. Masikio alicheka, lakini kicheko hakikushuka vizuri. Mahakamani alilipwa ili angoje. Jikoni kwake hakumngoja mtu.

Siku ya tatu kijana alirudi, safari hii bila begi.

"Nimekwenda kwa Profesa," alisema. "Anataka kukuona."

"Mimi? Nimekosa nini?"

"Hukukosa. Aliyekosa anajulikana."

Ofisi ya Profesa ilikuwa mwisho wa korido ya chini, kwa sababu alitembea kwa magongo mawili tangu utotoni na lifti ya jengo lile ilikuwa na siku zake za kufanya kazi. Profesa, mwanamke mfupi, aliivaa miwani iliyoning'inia kifuani, akausoma ule ukurasa wa mishale kwa muda mrefu. Kijana alipofungua kinywa kuanza kueleza, akamwinulia kidole bila kuacha kusoma.

"Kwa hiyo mgonjwa amejibu maswali yote," alisema hatimaye.

"Yote isipokuwa la mwisho," alisema Masikio. "Rekodi ilikatwa kabla."

"Na wewe," Profesa akamgeukia kijana, "umemtoa kwenye utafiti kwa kuwa hakuweza."

"Ndiyo, Profesa."

"Nimeishi na magongo haya miaka hamsini. Nikiingia dukani na mtu, muuzaji humuuliza yeye, 'Huyu anataka nini?' Sikudhani nitakuta swali hilo kwenye tasnifu ninayoisimamia mwenyewe." Hakupandisha sauti. "Zile rekodi saba zisikilizwe zote upya, kwa saa. Kisha tutaomba kibali cha kurudi kwao. Na mama huyu akusaidie, kama atakubali, kwa jina la msaidizi wa utafiti, si mpiga chapa."

Wakasikiliza saba zote. Ningependa kusema kwamba wote saba walikuwa wamejibu, lakini haikuwa hivyo. Wawili zaidi walikutwa na majibu yaliyochelewa. Bibi mmoja alisema neno moja tu kwa kila swali, na hata ungengoja hadi kesho lingekuwa lilelile. Mmoja alikuwa amesinzia. Wawili waliobaki hawakutoa sauti yoyote, na nini kilikuwa nyuma ya kimya chao hakuna chombo cha kupima dukani wala chuoni.

Kibali kilichukua wiki sita. Kilipotoka, wakaenda kwa fundi vioo. Aliishi chumba cha mbele katika nyumba ya dada yake, na madirisha yote ya nyumba ile aliyatia yeye, vioo vimekaa sawasawa kwenye fremu bila pengo la kupitisha unywele. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, shati lake limefungwa vifungo viwili tu vya chini. Mkono wa kulia ulilala pajani.

Kijana akaweka kinasa sauti mezani, na mara hii hakushika karatasi. "Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi. Mara ile sikukungoja. Ukiwa nje, unajisikiaje?"

Sekunde zikaanza kupita. Kwenye ya saba dada mtu akavuta pumzi kusema. "Tumngoje, dada," alisema kijana. Masikio alimwona akiuma mdomo kwa jinsi ile subira ilivyomwia ngumu. Sekunde kumi na tano katika chumba chenye watu wanne ni ndefu sana. Mtu anasikia hadi tumbo la mwenzake.

"Haya," alisema fundi vioo. Na kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaendelea. "Wana... wanamuuliza yeye. Mimi... nipo."

Dada yake akainama. "Ni kweli. Hata kinyozi ananiuliza mimi anyolewe vipi."

Walikaa pale asubuhi nzima kwa maswali ambayo mara ya kwanza yaliisha kwa dakika kumi na moja. Walipofika kwenye kazi, naye akasema kioo, dada yake akajishika kichwa. "Mungu wangu! Mara ngapi nimemletea kioo huyu! Kila siku namwambia amependeza. Kumbe mtu anataka kazi!" Akawa analia na kucheka kwa pamoja, na kaka yake akamtazama kama mtu aliyekuwa akigonga mlango mwaka mzima, hatimaye akafunguliwa.

Mwishoni kijana akauliza, "Siku ile nilikuuliza kama una swali kwetu, nikaondoka kabla hujajibu. Ulitaka kuuliza nini?"

Wakangoja. Ishirini. Ishirini na tano. Nusu ya mdomo wa fundi vioo ikaanza kupanda.

"Nime... nimesahau."

Hata yeye alicheka.

Kukata kioo hakuweza tena. Walijaribu, wakafunga kibanio mezani, lakini mkono wa kushoto haukuwa na uhakika na kioo si kitu cha kujaribia. Lakini jicho lake la vipimo lilikuwa palepale. Mwenzake wa zamani alianza kumpitia siku mbili kwa wiki kumpeleka karakana, yeye akapima na kuweka alama kwa kalamu nene, na mwenzake akakata. Wateja waliomuuliza mwenzake swali walijibiwa, "Muulize mwenyewe fundi, halafu ungoje."

Kijana alichelewa kuhitimu kwa karibu mwaka mmoja. Rafiki zake walivaa majoho, yeye bado alikuwa anapanda na kushuka na kinasa sauti. Hakulifurahia hilo na hakujifanya kulifurahia. Alipokutana na Masikio dukani alikuwa akimwambia, "Dada, wewe ulinifungia mwaka." Naye alimjibu, "Si mimi, ni vifungo." Lakini tasnifu yake mpya ilikuwa na sura nzima juu ya muda ambao mhoji anapaswa kungoja, na hospitalini alikorudi kufanya kazi sasa wauguzi huhesabu hadi ishirini na tano kabla ya kuandika kwamba mgonjwa hajibu.

Masikio naye hakurudi sawasawa kwenye pembe yake. Kumbe alikuwa na shahada ya lugha aliyoisoma jioni jioni enzi za mahakama, cheti kikiwa ndani ya faili la plastiki chini ya kitanda, kimeshikana na vyeti vya chanjo vya watoto. Profesa alipojua, akamwambia aombe nafasi ya uzamili katika utafiti wa ulemavu. Mwaka wa kwanza alikataliwa kwa kuwa hakutoka kwenye fani ya afya. Alikunja barua, akaendelea kupiga chapa. Mwaka uliofuata akaomba tena, akaambatanisha kurasa thelathini alizoandika mwenyewe kuhusu namna ya kunakili mazungumzo ya watu wenye usemi mgumu, akachukuliwa. Mumewe akamvutia waya na kumwekea taa ya kusomea juu ya meza ya chakula. Mama mkwe akatangaza mtaa mzima kwamba mkwewe anasomea kusikiliza, na kwamba elimu hiyo aliihitaji kweli.

Kilichomtesa chuoni kilikuwa takwimu. Alikuwa na miaka arobaini na minne katikati ya vijana waliokokotoa kwa vidole viwili huku wakiongea na simu. Aliposoma kuhusu wastani alielewa. Walipofika kwenye mambo ya uwezekano na mikengeuko, maji yalimfika shingoni. Alianguka mtihani wa kwanza kwa alama thelathini na nane. Hakulia. Alitafuta mwanafunzi mmoja mwenye subira, wakawa wanakaa kwenye ngazi za maktaba kila mchana kabla ya zamu yake ya dukani, Masikio akimfanya mwenzake arudie kila hatua mpaka yeye aielewe, bila haya ya kusema sijaelewa.

Mtihani wa marudio ulifanyika mwezi uliopita. Matokeo yakabandikwa ubaoni Jumatatu, na akaenda kuyatazama akiwa bado na wino wa mashine ya fotokopi kwenye kidole gumba. Alama ya kupita ni hamsini. Yeye alikuwa na hamsini na mbili. Akafuata mstari kwa kidole kutoka namba yake hadi alama, akaurudia tena asije akawa amesoma ya mtu mwingine, kisha akawapisha waliokuwa nyuma yake na kwenda kumtafuta Profesa, wapange tarehe ya kuanza utafiti wake mwenyewe.